Majimoto, Chungu Akaaye Mitini: Alama Zake na Kazi Yake



Katika somo la mwezi huu nataka tutazame habari za chungu mmoja akaaye mitini, ambaye watu wa pwani na wa visiwa vya Unguja na Pemba humwita majimoto, au maji ya moto. Ndugu zetu wa milimani, penye baridi, pengine hawajapata kumwona, kwa maana yeye hupenda nchi za joto. Lakini mtu aliyepata kupanda mwembe au mkarafuu au mchungwa wa pwani hana haja ya kuelezwa maana ya jina lile.

Nina sababu ya kuandika habari hizi. Kila mwaka maembe yanapokaribia kuiva, mioto huwashwa chini ya miti na mapanga hukata matawi, ili chungu huyu auawe. Kisha mwenye shamba yule yule hulalamika ya kuwa vidaka vya minazi yake vyapukutika kabla ya kuwa vitale, na ya kuwa machipukizi ya mikorosho yake yamekauka kana kwamba yameunguzwa. Ni wachache wafahamuo ya kuwa mambo haya mawili yana uhusiano. Basi yafaa tumjue kwanza, ndipo tuamue la kumtenda.

Kumjua si jambo la kupuuzwa. Watu wengi wakiona chungu yeyote mwekundu juu ya mti husema, "Siafu hao!" Siafu ni mwingine kabisa. Siafu wale watumishi hawana macho, huenda kwa misafara juu ya ardhi, na hata wakipanda mti hupanda kwa kuwinda tu, kisha hushuka na kwenda zao. Wala mchwa hayumo katika hesabu hii, kwa kuwa mchwa si chungu hata kidogo, ingawa twawataja pamoja. Hata chungu yule ambaye Mfalme Sulemani alimsifu katika Mithali siye huyu wetu. Yule hukusanya chakula chake wakati wa mavuno, na chungu wa namna hiyo wako katika nchi kavu nyingi, wenye ghala za mbegu chini ya ardhi. Majimoto hana ghala wala hali nafaka. Yeye ni mwindaji, tena ni mchungaji, kama tutakavyoona (nami sisemi hivyo kwa kumpendelea kwa sababu ya kazi yangu).

ALAMA ZA MWILI WAKE

Mkamate mmoja kwa kijiti, umtie katika chupa nyeupe, umtazame penye mwanga. Aliye na kioo cha kukuzia atafaidi zaidi, lakini macho mazima yatosha.

Rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu, au ya manjano iliyofifia kama jani la mwembe lililokauka. Wako walio weusi zaidi kidogo kwa kadiri ya nchi. Mwili wake ni mwembamba, na miguu yake ni mirefu sana kupita kadiri ya mwili, hata akitembea huonekana kana kwamba ameinuliwa juu ya jani. Vipapasio vyake pia ni virefu. Macho yake ni makubwa, na hayo humfaa sana, kwa maana huona adui akisogea kutoka mbali, na hugeuka kumkabili. Taya zake ni ndefu, zina meno pembeni, na ncha zake hupishana.

Sasa tazama kiuno, maana hapo ndipo ilipo alama iliyo hakika. Kati ya kifua na tumbo chungu wote wana kifundo. Wengine wana vifundo viwili, wengine kimoja. Majimoto ana kimoja tu, nacho ni kirefu na cha chini, kama kijiti kilicholala, si kama kilima kilichosimama. Mgongoni hana miiba hata mmoja. Tumbo ni dogo lenye umbo la yai, naye huweza kuliinua juu hata likaelekea kichwani.

Watumishi wake wako wa namna mbili, wakubwa na wadogo. Wakubwa hufika urefu wa milimita 7 hadi 10 hivi. Wadogo ni kama nusu yao. Wa katikati ni adimu sana. Wale wakubwa ndio tuwaonao kila siku wakipanda na kushuka shinani, ndio wawindao, ndio wajengao, ndio wapiganao. Wale wadogo hukaa ndani wakilea mayai na mabuu, wala hawatoki sana. Ukiwaona wadogo wengi mkononi mwako, jua ya kuwa umekwisha kuvunja nyumba. Hao wote, wakubwa kwa wadogo, ni wa kike, hata askari wakali kuliko wote. Wa kiume huzaliwa kwa majira yake, wana mabawa, nao hufa upesi baada ya safari yao ya kuoa. Malkia ni mkubwa kuliko wote, mwenye tumbo zito, naye hukaa amefichwa katika nyumba moja tu miongoni mwa nyumba nyingi, mara nyingi juu kabisa mtini.

Majimoto hana mwiba wa kuchoma kama nyigu. Akikushika hung'ata kwa taya, kisha hupinda tumbo lake mbele na kurusha katika jeraha lile maji makali ya asidi. Ndiyo yachomayo, na ndiyo yaliyompa jina. Mtu akiwa mbali kidogo huweza kuona matone madogo yakirushwa hewani, na huisikia harufu yake kali kama ya siki. Kabla ya kung'ata huonya. Husimama kwa miguu ya nyuma, hufungua taya, huinua tumbo. Ukigonga nyumba yao kwa kidole, mara wote hutoka juu ya majani, na miguu na matumbo yao hutoa sauti ya mchakacho kama mvua nyepesi iangukayo juu ya majani makavu. Aliyeisikia sauti ile mara moja haisahau, tena mara nyingi huwa amekwisha kuteremka.

NYUMBA YAKE

Ikiwa huwezi kumkamata chungu mwenyewe, itazame nyumba. Hakuna chungu mwingine katika mashamba yetu ajengaye namna hii. Nyumba ya majimoto ni majani mabichi ya mti ule ule, yangali yameshikamana na kitawi chake, yakiwa yamevutwa na kushonwa pamoja kwa uzi mweupe kama hariri. Ukubwa wake huweza kuwa kama ngumi, au kama kichwa cha mtu, au zaidi. Majani yakikauka baada ya siku nyingi, chungu huihama nyumba ile na kushona nyingine. Kwa hiyo ukiona nyumba kavu, rangi ya udongo, usidhani ya kuwa mti una chungu. Huenda walihama zamani. Tazama zile zilizo kijani.

Jinsi wanavyoshona ni jambo la ajabu, nami nawashauri waalimu wa shule wawapeleke watoto kulitazama. Kwanza chungu mmoja hushika ukingo wa jani na kuvuta. Jani likikubali kupinda kidogo, wengine huja na kujipanga kando yake, bega kwa bega, kila mmoja akiwa ameshika ukingo wa jani moja kwa taya na ukingo wa jani la pili kwa miguu. Majani yakiwa mbali mbali hata mwili mmoja haufiki, mmoja humshika mwenzake kiunoni, na huyo hushikwa na wa tatu, hata wakawa mnyororo ulio hai kati ya jani na jani. Minyororo kama hiyo huwa mingi, nayo yote huvuta pamoja, na kwa kitambo kirefu majani mawili husogezwa hata yakakutana.

Hapo ndipo uzi unapohitajiwa. Lakini chungu mkubwa hana uzi! Wenye uzi ni watoto wao, yaani mabuu waliokaribia kugeuka. Katika chungu wengi wa namna nyingine, buu hujifunika kwa uzi wake mwenyewe na kufanya kifuko, ndani yake akageuka kuwa chungu. Buu wa majimoto hafanyi kifuko. Uzi wake wote hutumiwa kwa nyumba. Basi watumishi huenda katika nyumba ya zamani, humchukua buu katika taya zao kwa upole, humleta mpaka penye ukingo, na kwa vipapasio humgusagusa. Buu hutoa uzi chini ya kinywa chake. Mtumishi humgusisha upande huu, humpeleka upande ule, humrudisha, kama fundi arudishavyo sindano, hata pale palipokuwa wazi pakawa na kitambaa cheupe. Mtoto asiyeweza hata kutembea ndiye sindano na uzi wa nyumba nzima. Kazi hii huonekana vizuri zaidi jioni.

Jamii moja haina nyumba moja. Ina nyumba nyingi, katika mti mmoja au katika miti kadhaa iliyo karibu, nazo zote ni za malkia mmoja. Hesabu ya watumishi huweza kufika malaki. Mipaka yao hulindwa kwa ukali, na jamii mbili zikikutana hupigana hata mizoga ikalala chini ya mti. Wataalamu Bert Hölldobler na Edward O. Wilson, waliomchunguza chungu huyu katika miaka ya 1970, tena kwa jamii zilizotoka Kenya, walionyesha jinsi wanavyotia alama katika nchi yao kwa matone yatokayo mwilini, na jinsi wanavyoitana kwa harufu na kwa kugusana, kwa ishara moja wakiwa wameona chakula na kwa ishara nyingine wakiwa wameona adui. Katika ndugu yake wa Australia ilionekana hata jambo hili, ya kuwa nyumba zilizo mpakani hukaliwa na watumishi wazee. Vijana hubaki katikati wakilea. Wazee ndio waendao vitani.

WALE WANAOFANANA NAYE

Mtu asiyechunguza huweza kumchanganya na wengine, na hasa hawa.

Yuko chungu mweusi au wa kahawia mwenye tumbo la umbo la moyo, ambaye hulipinda juu ya mgongo wake akikasirika. Huyu hujenga mtini kitu kama mpira mweusi wa karatasi ngumu, uliotengenezwa kwa miti iliyotafunwa. Kiuno chake kina vifundo viwili. Jina lake la kitaalamu ni Crematogaster, na jamaa zake wengine ndio wakaao ndani ya miiba iliyovimba ya migunga ya nyika. Wako pia chungu weusi wenye miiba mgongoni, Polyrhachis, ambao baadhi yao hutumia uzi na takataka kutengeneza kibanda kati ya majani. Miiba yao huwatambulisha mara moja.

Anayekaribia zaidi kwa rangi na kwa wepesi wa miguu ni chungu mmoja aitwaye Anoplolepis custodiens. Huyu naye ni wa kahawia, ni mkali, na hukimbia sana. Lakini nyumba yake imo ardhini, katika mchanga. Mfuate akishuka, akiingia katika shimo, siye majimoto.

Wa mwisho ni mdogo, na ndiye aliye muhimu kuliko wote kwa habari yetu. Anaitwa Pheidole megacephala, maana yake mwenye kichwa kikubwa. Ni wa kahawia, mdogo sana, milimita 2 au 3 tu, ila askari wao wana vichwa vikubwa visivyolingana na miili. Hukaa ardhini, hasa kwenye vishina vya miti, na huacha vifusi vidogo vya mchanga uliochekechwa. Hang'ati kwa uchungu mwingi, kwa hiyo hakuna amchukiaye. Wakulima humwita sisimizi tu, wakampita. Lakini ndiye adui mkubwa wa majimoto. Huja kwa wingi, hushika shina, humzuia majimoto asishuke wala asipande, na mwisho humfukuza katika shamba zima.

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Kwa habari hii nitapita upesi. Mfaransa Latreille ndiye aliyemwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1802. Jina lake kamili ni Oecophylla longinoda. Neno la kwanza limetungwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyumba na jani. La pili ni la Kilatini, mwenye fundo refu, nalo ni lile fundo la kiuno tulilolitazama. Leo katika dunia nzima wamesalia wa namna mbili tu. Huyu wetu hukaa katika Afrika ya joto, toka Senegal mpaka pwani yetu. Mwenzake, Oecophylla smaragdina, hukaa toka Bara Hindi mpaka Australia. Wachina walimtumia huyo wa pili kulinda michungwa yao tangu zamani sana. Kitabu kimoja cha kwao, kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304, husimulia jinsi nyumba za chungu zilivyouzwa sokoni pamoja na vitawi vyake.

Tena katika kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ilipatikana jamii ya chungu wa ukoo huu waliogeuka mawe, wakubwa na wadogo pamoja na mabuu. Habari zao zilitolewa mwaka 1964, nao wakaitwa Oecophylla leakeyi kwa heshima ya jina la Leakey. Miaka yao huhesabiwa kwa mamilioni, na hata wakati ule walikuwa wamekwisha kugawanyika katika watumishi wakubwa na wadogo.

KAZI YAKE SHAMBANI

Twarudi kwenye vidaka vya minazi. Yuko mdudu wa jamii ya kunguni, wa rangi ya kahawia, ambaye hutoboa vidaka kwa mdomo wake kama sindano na kufyonza. Mate yake ni sumu kwa kidaka. Kingi huanguka, kile kisichoanguka hukua na makovu, na utomvu hutoka penye jeraha ukaganda, na nazi yake huwa ndogo. Kunguni hawa hawahitaji kuwa wengi. Wachache tu katika mnazi mmoja waweza kuharibu karibu mazao yote, ndiyo maana mkulima hawaoni, hudhani ni jua, au ni ardhi, au ni kijicho cha jirani. Mara ngapi nimesikia ugomvi wa jambo hilo! Mnazi wa huyu umejaa, wa yule umepukutika, nao wametengana kwa hatua ishirini. Maneno mazito yakasemwa baina ya watu waliozikana na kuozana, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama ni chungu gani aliye juu ya kila mnazi.

Aliyeinua macho ni Mwingereza M. J. Way, aliyekuwa akifanya kazi Unguja. Alitoa habari zake mwaka 1951 na mwaka 1953. Aliona ya kuwa minazi iliyokaliwa na majimoto ilisalimika, kwa kuwa chungu hao huwinda kunguni na watoto wao, tena huwasumbua wakubwa hata wasipate kutulia na kutaga mayai. Minazi iliyoshikwa na yule mwenye kichwa kikubwa haikupata ulinzi huo, kwa maana yeye hamzuii kunguni. Mdudu yule wa minazi baadaye alipewa jina la Way mwenyewe: Pseudotheraptus wayi. Basi miti miwili yenye chungu, mtu akisema tu "ina chungu," mmoja una mlinzi na wa pili una yule aliyemfukuza mlinzi. Kwa hiyo nimewachosha kwa habari za kiuno na vifundo.

Si minazi peke yake. Katika mikorosho yuko mdudu aitwaye Helopeltis, ambaye wakulima humwita mbu wa mikorosho, afyonzaye machipukizi na maua hata yakawa meusi na kukauka. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, wamemjaribu majimoto katika mikorosho na kuona ya kuwa hupunguza uharibifu huo. Na katika nchi ya Benin, habari zilizotolewa mwaka 2007 zilionyesha ya kuwa maembe ya miti yenye majimoto wengi hupata funza wachache wa nzi wa matunda. Nzi wengine huliwa, lakini wengi huogopa tu kutua na kutaga palipopitwa na chungu hawa.

Siwezi kuficha mabaya yake, kwa maana nikifanya hivyo, mkwezi wa kwanza atakayesoma gazeti hili atanicheka. Mchumaji hung'atwa, na mkwezi aliyeng'atwa juu ya mnazi yu katika hatari ya kweli. Si haki kwa mwenye shamba aliyekaa kivulini kumwambia avumilie. Pia majimoto hufuga wadudu wadogo wenye magamba walao utomvu wa mti, kwa kuwa hutoa maji matamu ayapendayo. Huwalinda, na hata huwashonea vibanda vya uzi. Ndio uchungaji wake niliousema. Way aliwatazama katika mikarafuu ya Unguja, akaona ya kuwa chungu huwala wadudu wale wakizidi haja yake. Basi kwa kawaida hasara hiyo ni ndogo kuliko ile ya kunguni, lakini mwenye mchungwa mchanga au dhaifu na autazame mti wake asiseme tu ya kuwa chungu ni rafiki.

JINSI YA KUKAA NAYE

Kwa mchumaji, dawa iliyo rahisi ni majivu makavu yaliyopakwa mikononi na miguuni, kwa kuwa chungu hushindwa kushika vizuri ngozi yenye vumbi. Kuchuma kwa kingoe hali mtu akiwa chini ni bora kuliko kupanda. Asubuhi penye ubaridi wao huwa wazito. Mti wa karibu na mlango wa nyumba, au wa karibu na mahali watoto wanapochezea, si dhambi kuwaondoa. Kata kile kitawi chenye nyumba, ukipeleke shambani. Mzee mmoja wa jirani aliniambia ya kuwa yeye huwaacha hata mlangoni, maana tangu walipohamia mwembe wake hakuna mtoto aliyeiba embe. Hiyo ni shauri yake na wajukuu zake.

Jambo ambalo wengi wetu twalifanya kwa nia njema, nalo humdhuru majimoto, ni kufyeka shamba hata chini pakawa peupe kama ua uliofagiwa. Sisi twahesabu shamba jeupe kuwa ndiyo sifa ya mkulima. Lakini majaribio yaliyofanyika katika michungwa ya Tanzania, yaliyotangazwa mwaka 2011, yalionyesha ya kuwa penye ardhi tupu yule mwenye kichwa kikubwa hushika miti na kumfukuza majimoto. Palipoachwa majani na magugu mafupi, wote wawili hukaa, mmoja chini na mmoja juu. Basi palilia kwa kukata, usichimbue hata mwisho. Na kati ya minazi panda michungwa, mipera, miembe au mistafeli, kwa kuwa majani yake mapana hushoneka kwa urahisi kuliko makuti, na chungu wakishajenga humo huvuka kwenda minazini. Dawa za kunyunyizia zinazoua wadudu huua na hawa pia. Mwenye kunyunyiza kila mara atapaswa kuendelea kunyunyiza, kwa maana mlinzi hayuko tena.

Akitaka mtu kuwahamishia katika shamba lisilo nao, ajue kwanza ya kuwa hawezi kuchanganya jamii mbili. Kuna jaribio jepesi. Chukua chungu wachache wa mti mmoja kwa kijiti, uwaweke juu ya shina la mti wa pili. Wakipokewa, wakagusana vipapasio na kupita, ni jamii moja. Wakishikwa na kuvutwa miguu huku na huku, ni jamii mbili. Usichukue nyumba za miti hiyo miwili pamoja. Nyumba za jamii moja zikatwe zote, hata zile za juu kabisa, maana bila malkia watumishi huishi kitambo tu, wakapungua na kwisha. Zitiwe katika gunia lililofungwa sana, zifungwe kwenye matawi ya mti mpya siku ile ile. Kisha chunguza shina la mti huo, kama pana vifusi vya mchanga vya yule mdogo. Vikiwapo, tafuta mti mwingine. Na ikiwa miti yako imepandwa mbali mbali hata matawi hayagusani, funga kamba ya makumbi toka mti hata mti, kwa urefu unaompita mtu mrefu aliyejitwika mzigo. Majimoto wataipita bila kushuka chini.